Minyoo mu Salon ya Anatole

Toka Swima mpaka Lweba, hakuna mwanamuke anajua samaki kunipita mimi. Kuzikula, nataka kusema. Kufuga ni mambo ingine: hata kuku zangu zilihamiaka kwa jirani, na mi sikuzifuata, nilijua sababu.

Kwa hiyo, wakati nilifika Baraka kwa binti yangu Florentine, aliyekuwa amezaa mutoto wake wa kwanza, nikakuta samaki nzima zinaogelea mu salon, chumba ya bageni, ndani ya sanduku ya kioo, niliuliza tu:

"Mutazipika saa ngapi?"

"Mama, hizi si za kupika. Ni za kuangalia."

Nikaangalia. Zilikuwa zile ndogo-ndogo za mistari, za kwenye majiwe, zile bavuvi banarudishaka mu ziwa pamoja na matusi. Mukwe wangu Anatole ndiye aliomba bamuletee. Alikuwa karani mu depot ya pamba, na alitafuta karte ya bastaarabu, karatasi ya serikali ya kusema umekuwa sawa Muzungu. Wakati ule wa utawala wa Babelji, ukiomba karte ile, Muzungu wa serikali wa Fizi anakuja mpaka kwako kuangalia kama unalalia mashuka na kama unakula na uma. Anatole alikuwa na mashuka, alikuwa na uma. Lakini bakarani bengine nao walikuwa nazo. Samaki mu kioo, hakuna aliyekuwa nazo.

Sasa, kwetu Babembe, mwanaume na mama mukwe wake habaonane uso kwa uso, habakule fasi moja, na habasemezane. Mimi nilikaa jikoni na mu chumba cha nyuma. Florentine alikula na mimi. Anatole alikula peke yake mu salon, mbele ya samaki zake. Akiwa na neno, alisema: "Florentine, mwambie mama." Mi nilisikia vizuri nyuma ya rido, pazia ya mulango, lakini nilingojea Florentine arudilie, ndipo nijibu, na yeye pia alingojea. Florentine akienda kuteka maji, tulimutuma mutoto. Henri alikuwa hajui kitu isipokuwa kunyonya, lakini alipitisha maneno mazito sana.

Asubui moja nikasikia: "Florentine! Ni nini hii inatembea ku kioo?"

Ilikuwa minyoo. Myeupe, myembamba sawa nyuzi za shati, inateleza pole-pole kama haina haraka ya kutoka. Anatole akatia chumvi mu maji. Samaki moja ikalala chali sawa chifu mwenye kushiba, na haikuamuka tena. Akabadilisha maji. Minyoo ikaenda, ikarudi na ndugu zake. Na Muzungu wa Fizi alikuwa ametuma habari kwamba yuko njiani.

"Mwambie mama," Anatole akasema, "minyoo inaletwa na chakula inayooza mu maji. Kuna muntu anatupa chakula. Mi ninatoa asubui tu, kidogo sana. We hautupi. Anabaki nani?"

Florentine akaniangalia. "Mama, anasema..."

"Nimesikia. Rudilia."

Akarudilia.

"Mwambie, kama ningekuwa na chakula ya kutupa, ningekuwa munene."

Ngambo ya rido, Anatole akagonga kioo na kidole. Kisha: "Mwambie, Muzungu akikuta hata munyoo moja, mama atarudi Lweba na mashua ya kesho yake."

Hapo sikucheka. Henri alikuwa hajatolewa nje bado, na ni nyanya ndiye anamutoaka mutoto nje, kumuonyesha jua na bantu. Nikirudi kabla ya ile siku, bamama ba Lweba bataniuliza nimefukuzwa na nani. Nijibu samaki?

Usiku, Anatole akisha kulala, nikafunga kipande cha maini ya kuku ku uzi, nikakitumbukiza mu maji, sawa vile tunawekeaka sisimizi mufupa ili batoke ku sukari. Asubui, Anatole akiwa bado analala, nikavuta uzi. Maini ilikuwa imevaa minyoo sawa blanketi. Kuku za jirani zikafurahi. Nikafanya vile kila usiku, na minyoo ikapunguka, lakini haikuisha. Na kila mara nilipokaribia, samaki zilikimbilia nyuma ya majiwe, sawa bantu bameona muntu wa kodi.

Ndipo siku moja, navuta uzi, nikaona chini, kati ya majiwe, vipande vya biskwiti. Mi sina meno ya biskwiti. Florentine, toka azae, alikula bukari na sombe tu. Biskwiti ya Uledi wa duka, ya mu kopo, ilikuwa ya Anatole.

Nikaelewa. Unaweza kumuvalisha Mubembe kravati. Lakini umuweke peke yake mbele ya sahani, na vinywa vya samaki vinafunguka na kufunga vinamwangalia, atazinyima? Kwetu, anayekula bila kugawa mbele ya macho ya wengine ni mulozi. Mukwe wangu alikuwa amelelewa vizuri, masikini. Lakini nitamwambiaje? Huwezi kumutuma mwanamuke kwa bwana yake aende kumwambia yeye ni muongo. Na Henri alikuwa bado mudogo kwa neno kama ile.

Muzungu akafika. Akashika mashuka, akahesabu uma, akaweka pua ku kioo.

"Minyoo," akasema, na Kiswahili yake haikuwa mubaya. "Hizi zinakula kupita kiasi. Nani anazilisha?"

"Mama mukwe wangu, Bwana," Anatole akajibu. "Muntu wa zamani. Anatupa mabaki kila saa. Mi ni asubui tu, kidogo kama chumvi. Kesho anarudi kwake."

Nyuma ya rido nikamupakata mutoto.

"Henri," nikasema, kwa sauti ya kanisa, "mwambie Bwana, samaki inajua mukono inayoilisha. Kila muntu apite mbele ya kioo."

"Nani anasema?" Muzungu akauliza.

"Mutoto, Bwana," Florentine akajibu.

Muzungu akamwangalia Florentine, kisha akaangalia kioo. Mbele yake yeye Muzungu, samaki zote zilikuwa tayari nyuma ya majiwe. Florentine akasogea: zikabaki kule-kule. Anatole akageukia ukuta, mi nikajifunika kikwembe kichwani, nikapita: moja ikajificha hata nyuma ya mwenzake. Nikarudi kwa rido yangu, nikaacha kipenyo cha jicho.

"Sasa we, Anatole."

"Mi, Bwana? Mi niko ku depot muchana yote. Hazinijue sana."

"Sogea."

Akasogea. Zikatoka zote, mbio, zikapanda mpaka juu ya maji, zinasukumana, vinywa wazi.

"Zinasalimia tu," Anatole akasema. "Nimezifundisha adabu."

Alikuwa bado anasema vile, na mukono wake, wenyewe, ukaingia mu mufuko ya koti, ukatoka, ukafika juu ya maji kabla hajauona. Mu vidole kulikuwa biskwiti, imekwisha kuvunjwa vipande vidogo-vidogo.