Mume wa Bibi

Mimi ni mjukuu wa mtemi, na jambo hilo limenisumbua kuliko malaria. Watemi walivuliwa madaraka mapema baada ya uhuru, mimi hata sijazaliwa, lakini nenda kawaeleze hayo Waswahili wa Maryland. Marie-Thérèse, yule mama wa Kikongo, alipofungua saluni yake ya kusuka nywele hapa Hyattsville, nani akate utepe? Method. Wakenya walipocheza mpira na Watanzania kule Greenbelt, nani akabidhi kombe? Method, na mgongo unamuuma kwa wiki nzima ya maboksi. Wananikalisha meza kuu, wananipa paja la kuku kubwa kuliko la mchungaji, halafu Jumatatu narudi bohari kuendesha foklifti, na msimamizi wangu, mwaka wa tano huu, bado ananiita Matthew.

Nanung'unika, lakini nisiwe mnafiki. Kile kiti nilikuwa nakitaka. Siyo kwa ajili ya utawala, maana hakina utawala wowote. Mtemi wa siku hizi anahudhuria misiba, anafungua zahanati, anasimama kwenye picha na mkuu wa wilaya. Nilikitaka kwa sababu anayemchagua mtemi kwetu ni mjane wa mtemi, na mjane wa mtemi ni bibi yangu mzaa baba, aliyenilea tangu nikiwa na miaka sita. Nilitaka anichague mimi. Basi, ni hilo tu, na nilikuwa na miaka thelathini na nne.

Mwanzoni mwa mwaka tisini na nane, babu mdogo aliyekuwa amekikalia kiti tangu Babu afe naye akafariki. Tukabaki wajukuu wawili: mimi, na Tobias, mtoto wa baba mdogo, mwalimu wa shule ya msingi pale pale kijijini. Kwetu hakuna kura. Mjane anamshika mrithi mkono mbele ya watu na kusema neno moja: "Huyu." Akishasema, kesi imekwisha, hata kama aliyeshikwa ni mlevi. Wazee wakamwendea Bibi, naye akawaambia hashiki mkono wa mtu kabla hajamwona wa Amerika. Shangazi Dorothea, binti yake wa kwanza, anayefanya kazi ofisini huko Arlington, akatuma tiketi. Wazee wakakubali mambo yafanyikie huku huku, mradi yarekodiwe kwenye kanda ya video, kanda iende nyumbani.

Nilimpigia simu Gitau, mwenyekiti wa chama chetu cha watu wa Afrika Mashariki, kumwomba ukumbi. Nikamwambia bibi yangu anakuja kutoka nyumbani.

"Kumbe ulioa na hukutuambia, msee?" akasema.

Nilisahau kwamba kwa Mkenya bibi ni mke. "Bibi, Gitau. Mzaa baba."

"Ah, shosho! Si ungesema hivyo. Na kadi nishapeleka kwa printa."

Kadi zikatoka: "Mtemi Mtarajiwa Method na Bibi." Watanzania wakaona sawa, Wakenya wakaona sawa, kila mtu akawaza lake.

Uwanja wa ndege Bibi alitokea amekaa kwenye kiti cha magurudumu, koti la Shangazi limemmeza mpaka kidevuni. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomwacha. Alinitazama muda mrefu, nikaanza kuona haya kama niliyekosea mtu, halafu akatabasamu. "Mume wangu," alisema, "umekonda."

Nilicheka mpaka machozi. Niwaeleze wale ambao kwao desturi hii haipo: kwetu bibi na mjukuu wa kiume ni mtu na mumewe, kwa utani. Tangu nikiwa nalamba kamasi aliniita mume wangu, akinituma dukani na kunilalamikia mbele ya wageni kwamba mume gani huyu hata chumvi hanunui. Kusikia neno lile katikati ya watu wanaokimbilia mabegi yao, miaka kumi na moja baadaye, niliona nimefika nyumbani. Nikamjibu kama zamani kwamba nimekonda kwa sababu mke hapiki.

Kila jioni baada ya kazi niliendesha gari mpaka Arlington kumwona. Siku ya tatu alinitolea maji ya kunawa akapiga goti. Bibi, miaka themanini na kitu, magoti yake yote mawili kwenye zulia la Shangazi! Nikamnyanyua haraka. Nikasema moyoni, utani umezidi sasa, lakini labda mtu akizeeka utani nao unaongezeka, mimi najua nini?

Siku ya tano akaniuliza kama ng'ombe wa mahari ya Dorothea wameshafika. Dorothea mwenyewe alikuwa anapita na suti yake ya ofisini, mwanamke wa miaka sitini aliyeachana na mume tangu enzi hizo.

"Mama bwana, na utani wake," Shangazi alisema. Akaingia jikoni, akakaa huko muda mrefu bila kupika kitu.

"Shangazi," nikamfuata, "Bibi yuko sawa?"

"Uchovu wa ndege."

"Siku ya tano?"

"Method, mtu mzima yule. Muache apumzike." Alikuwa anafuta meza iliyokuwa safi. Nikachukia, maana Shangazi akikufutia meza safi ujue mazungumzo yamefungwa.

Nikaanza kusikiliza vizuri. Aliniita mume wangu, aliniita baba, aliniita mzee. Jina langu hakulitaja. Siku ya tisa nikamtega, na mtego wenyewe niliuonea aibu. Nikamuuliza, "Bibi, unakumbuka Method alivyotumbukia kwenye mtungi wa pombe?" Akacheka, akajifuta macho kwa pindo la khanga. "Mtoto yule mtundu," akasema. "Nilimchapa, halafu nikalia mimi." Alikuwa anaongea nami kuhusu mtu ambaye hayupo chumbani. Au ndivyo wazee wanavyosimulia? Sikujua. Niliporudi nilikosa njia, nikajikuta nazunguka Pentagon mara mbili.

Mnisamehe, lakini niliamua kutojua. Jumamosi ilikuwa imekaribia, watu mia mbili wamealikwa. Nilijiambia anachotakiwa ni kushika mkono na kusema neno moja.

Jumamosi saa nane mchana ukumbi wa kanisa hapa Hyattsville ulikuwa umejaa. Pilau imo, sambusa zimo, pondu, kile kisamvu cha Wakongo, imo, watoto wanakimbizana na kujibu wazazi wao kwa Kiingereza. Fahmi, kijana wa Zanzibar anayerekodi arusi zetu zote, alisimama na kamera begani. Mimi nilivaa suti ya kuazima na juu yake mgolole wa Babu, uliosafirishwa kwenye sanduku la Bibi na kunuka moshi wa nyumbani. Bibi alikaa kulia kwangu meza kuu. Aliukuta mgolole begani mwangu akaunyoosha pembeni, taratibu, kama kitu alichokifanya kila siku.

Gitau alinimwagia sifa ambazo sina, watu wakapiga makofi. Kisha Shangazi Dorothea akasimama na maikrofoni.

"Mama," akasema, "wazee wanasubiri nyumbani. Mshike mkono atakayekaa kwenye kiti, useme."

Bibi akaitazama maikrofoni, akawatazama watu, akanitazama mimi. Akaunyoosha mkono wake mkavu akaushika wangu.

"Huyu," akasema.

Nasema kweli, katika maisha yangu sijafurahi hivyo, na furaha ile sitaikana hata leo.

"Huyu," Bibi akaendelea, "ni mume wangu."

Ukumbi mzima ukapasuka kwa kicheko. Wakenya wakapigapiga meza. Wao walishaambiwa kwenye kadi kwamba huyu ni bibi yake. Akina mama wa Kitanzania wakapiga vigelegele, wanaujua utani huo toka kwao. "Amesema!" Shangazi alipaza sauti juu ya kelele. "Amemshika na amesema, Huyu!" Akamgeukia Fahmi. "Umeipata?" Fahmi akainua kidole gumba. Ilikuwa imeingia kwenye kanda, mkono na neno, na hakuna mzee nyumbani ambaye angeweza kuipinga.

Bibi akanivuta sikio karibu na mdomo wake.

"Wanashangilia nini? Umewaambia mrithi nani?"

"Nani nini, Bibi?"

"Wanamtaka Method," akasema. "Dorothea asubuhi Method, jioni Method. Usiwape."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu afike kulitamka jina langu, na mimi mjinga nikafurahi kulisikia kabla sijaelewa linatamkwa kwa nani. Kisha nikaelewa. Alikuwa anazungumza na Babu. Siku zote kumi na mbili, goti lile, mahari ile, alikuwa anazungumza na Babu, na mimi nilikuwa najibu.

"Mwanetu walimmaliza," alinong'ona. Mtoto wao huyo ndiye baba yangu. "Leo msiba huku, kesho arusi kule, kwa niaba yako, hajakaa nyumbani hata wiki, mpaka gari likapinduka naye akienda kukata utepe wa watu. Mtoto wake nikampokea mimi, analia, hataki kuvua viatu. Nimemlea, nimempeleka mbali makusudi. Mpe Tobias. Tobias anapenda watu, hachoki. Kiti mpe Tobias, Method niachie mimi."

Vigelegele vilikuwa bado vinaendelea. Shangazi alikuwa ananitazama, na nilivyomwona usoni nikajua alijua tangu siku ya kwanza, labda tangu kabla ya kutuma tiketi. Alinitingishia kichwa kidogo: kaa kimya. Nami nilitaka kukaa kimya. Kanda ilikuwa upande wangu. Hakuna aliyesikia ila mimi, na kesho asubuhi aliyesema asingekumbuka. Nilikuwa nimekitaka kiti hicho ili nijue kwamba mimi ndiye wake, na sasa nilikuwa nimeambiwa, kwa mdomo wake, na bei yake ni kukiacha. Nilichanganyikiwa kiasi kwamba kwa muda sikujua suti niliyovaa ni ya nani, na miguu ni ya nani.

"Unanisikia, mzee?" Bibi akasema. Macho yake yalikuwa yananibembeleza. Mimi Bibi hajawahi kunibembeleza, alikuwa ananiamrisha tu.

Babu alikuwa anamwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza. Nikalitumia.

"Nimekusikia, Mama Dorothea," nikasema. "Method nimekuachia."

Akashusha pumzi, mabega yakalegea, akauachia mkono wangu kuchukua sambusa.

Nikasimama, nikamwambia Fahmi asizime kamera. Nikaichukua maikrofoni mkononi mwa Shangazi. Alikuwa ameishikilia, ikabidi niivute. Nikasema kwamba Bibi amenitania mbele yenu, kama ilivyo desturi, lakini chaguo lake amenipa sikioni, na mimi ni shahidi wake: kiti ni cha Tobias. Nikavua mgolole, nikaukunja, nikauweka mezani. Watu wakatazamana. Mmoja akapiga makofi mawili akaacha. Gitau akaja akaniuliza chini chini, "Sasa programu inaendelea aje?" Nikamwambia wagawe chakula.

Shangazi akaketi na kufunika uso. Nilitaka kumgombeza, sikuweza. Nikarudi kukaa karibu na Bibi, nikammegea kuku, nikatoa mifupa.

"Na yeye Method yuko wapi siku hizi?" akaniuliza.

"Yuko Amerika."

"Anakula?"

"Anakula."

"Ana watu?"

Nikautazama ukumbi. "Anao."

Akatafuna polepole, akameza. "Siku ukimwona," akasema, "mwambie namsubiri. Kila gari likisimama nje nadhani ni yeye."

"Nitamwambia," nikasema.