Uso wa Tanko Wakati wa Hunturu

Hunturu ikiingia Katsina, na vumbi lake la jangwani na baridi yake kavu, kila mwenye akili anabadilisha mafuta. Yale mepesi ya wakati wa mvua unayaweka kando. Uso hauupeleki kwenye sabuni. Unauosha kwa maji ya vuguvugu, na kabla haujakauka unapaka kadanya, mafuta mazito ya kokwa za porini tunayoyapika sisi wanawake. Unapaka midomo, nyusi, visigino, usiku na asubuhi. Usipofanya hivyo utapauka kama ukuta wa choo, kisha utapasuka. Hayo hata mbuzi wetu anayajua. Mdogo wangu Tanko hakutaka kuyajua.

Tanko alikuwa mchinjaji kama baba na babu, na vijana wa ukoo wetu ndio wanaopigana dambe, mchezo wetu wa ngumi, hasa mavuno yakiisha. Mkono mmoja unafungwa kitambaa na kamba mpaka unakuwa jiwe. Huo ndio mkuki. Wa pili unabaki wazi, ndio ngao. Raundi tatu. Ukigusa mchanga kwa goti au kiganja, tunasema umeuawa. Unakufa, unajikung'uta vumbi, unakwenda kunywa maji. Tanko alikuwa ameua wengi na hakuna aliyezikwa.

Lakini uso mkavu ni balaa uwanjani. Ngozi iliyolainika inabonyea ikipigwa, ngozi kavu inachanika, na ikichanika juu ya jicho, damu inaingia ndani na mtu anapigana gizani. Baba alirudi nyumbani na jicho moja kwa njia hiyo hiyo. Ndiyo maana kila hunturu nilikuwa namkalisha Tanko kwenye mkeka na kumpaka mwenyewe, mtu mzima na ndevu zake, huku akinung'unika kama bibi harusi.

Mwaka huo akaushika mkono wangu hewani.

"Usiniguse uso, dada. Una dawa."

"Dawa gani?"

"Ya Cindo, muuza hirizi. Mpinzani akinitazama, macho yanamfumba. Huoni ninavyong'aa?"

Kung'aa alikuwa anang'aa kweli. Tangu mvua zianze alikuwa anabadilika rangi, nikadhani ni kula nyama za wenyewe. Nikamnyang'anya kopo, nikanusa. Harufu ile naijua, majirani zangu wawili wameharibika nayo.

"Huu ni mkorogo, we mpumbavu. Wanawake wanajichubua nao. Cindo kakuuzia mkorogo akauita hirizi."

"Mvua zote nimeupaka, na kila niliyekutana naye nimemwua."

"Wakati wa mvua ngozi inakunywa hewa. Sasa hewa ndiyo inakunywa ngozi. Na yako imeshakuwa utando wa maziwa, Tanko. Acha uchafu huu, nikupake kadanya mpaka siku ya pambano."

"Cindo kasema mafuta mengine yakigusa uso, dawa inafutika."

"Huyo Cindo nikimkamata nitamkaanga na bajia."

"Una wivu tu. Umeona mdogo wako kakuzidi uzuri."

"Uzuri gani? Umekuwa kama yai lililomenywa."

Akacheka mpaka akajikunja. Nami kwa ujinga wangu nikacheka. Kesho yake nikamvizia anakula, nikampaka konzi zima la kadanya shavuni. Akaiacha sahani, akaenda kwenye mtungi, akajisugua kwa sabuni ya kufulia mbele ya macho yangu. Sabuni ya kufulia, katika hunturu. Shavu likatoka jekundu, na kwenye nyusi nikaona mistari myembamba imeanza kujichora. Nililia kwa hasira. Sikio la kufa halisikii dawa.

Pambano lilikuwa na Bahago wa Gusau, jitu la mkono wa kushoto. Uwanja wa dambe si mahali pa wanawake, lakini mimi ni mjane, nakaanga bajia za kunde ukingoni, na mwanamume wa kunifukuza hapo hajazaliwa. Karai langu lilikuwa karibu na mchanga kuliko viti vya wakubwa.

Raundi ya kwanza Bahago hakumpiga hata. Alimsukuma uso kwa kiganja cha ngao, kama unavyomsukuma mtoto msumbufu, na nyusi ya kulia ikafunguka. Damu ikashuka. Tanko akajibu kwa teke la ugoko, kisha akamtia mkuki ubavuni. Nilisikia mbavu zikilia. Bahago akatapika pale pale, akajifuta mdomo, akabaki wima.

Audu, aliyekuwa akimfunga Tanko mkono wa mkuki, akamfuta damu kwa kitambaa. Kitambaa kikaondoka na ngozi.

"Audu, msimamishe," nikamwambia.

"Mwenyewe hataki, Delu. Nimfanyeje?"

"Mfungue huo mkono. Nitakulaani mimi."

"Dada, kaange bajia zako," Tanko akasema. Alikuwa anatema damu na anatabasamu. "Hajaniua."

Raundi ya pili nyusi ya kushoto ikaenda. Ikafuata midomo, ikafuata shavu lile lile alilolisugua. Ngumi ambazo mwaka jana zingemwachia uvimbe tu sasa zilikuwa zinamchana, na kila pigo lilirusha damu mpaka kwenye kanzu za watazamaji. Wao wanapiga kelele: mwue, mwue. Naye Tanko alikuwa anapiga. Alimvunja Bahago pua, akamng'oa meno ya mbele yakaanguka mchangani, na nilijikuta nimesimama nikimshangilia, Mungu anisamehe.

Raundi ya tatu niliona anageuza kichwa upande, anatega sikio. Hapo nikajua haoni.

Bahago naye akajua. Akashusha mkono, akamwambia mwamuzi, "Mzee, huyu haoni."

"Amegusa mchanga?" mwamuzi akauliza. "Bado. Piganeni."

Bahago akapiga mara moja, kwa shingo upande, moja kwa moja kwenye jicho la kulia. Sitasema nilichokiona kikitoka. Nilichota damu ya ng'ombe utoto wangu wote, lakini ile ilikuwa damu ya mtoto niliyembeba mgongoni mama alipokufa. Nikautupa mwiko, nikaingia mchangani.

Mwanamke haingii pale. Watu wa mbele wakanyamaza, wa nyuma wakazidi kupiga kelele kwa kuwa hawakuona. Bahago aliponiona akarudi nyuma, mikono chini, na akawa amefanya kiungwana. Nikaita, "Tanko, ni mimi, basi, imetosha." Lakini uwanja mzima ulikuwa unaita Tanko, na sauti yangu ikapotea humo.

Yeye alisikia miguu tu. Miguu inamjia kwenye mchanga, na mkono unanyooshwa kuelekea uso wake.

Alinipiga kwa mkuki, kwa nguvu zake zote. Nilisikia taya langu likivunjika kabla sijasikia maumivu. Nikaanguka kifudifudi, mdomo umejaa meno na mchanga. Na alipousikia mwili ukianguka, Tanko akainua mkono juu, uso wote damu, akazunguka akijisifu kwa majina yake ya ushindi.

"Nimemwua," akasema. "Si niliwaambia? Nimemwua."

Wanaume wote wale, na mwamuzi wao, na Audu wao, wakawa wameshika midomo.

Desturi ni kwamba mshindi anamwinua aliyemwua. Tanko akapiga magoti akaanza kupapasa, anacheka bado, anasema, "Amka, ndugu yangu, umepigana vizuri." Mkono wake wazi ukagusa bega langu. Ukapanda shingoni, ukafika kwenye nywele zangu zilizosukwa, ukasimama.

"Dada?" akauliza.

Nilitaka kumwambia si kitu, lakini taya halikufunguka.