Treni ya Reino

Tenda wema nenda zako, usingoje shukrani. Arvid Niskanen hakuzingoja, lakini na matusi pia hakuyatarajia. Alikuwa ameigawa programu yake bure kwa dunia nzima, na dunia ikamwita bahili kwa sababu alikataa kuonyesha msimbo wake, yale maandishi ya ndani yanayoiendesha. Waliomtukana hawakuwa watu wabaya. Waliipenda. Kompyuta mpya zilikuwa zimeanza kuikataa, macho ya Arvid yalikuwa yanafifia, na walitaka waitengeneze kabla haijafa.

Programu yenyewe iliitwa Mteremko. Humo unaendesha treni ya madini ya chuma kutoka machimboni hadi gatini Duluth, kando ya ziwa, breki za upepo mkononi mwako, mabehewa yameshiba nyuma yako. Ukiuchezea upepo ukaisha, hakuna wa kukuokoa, unashuka moja kwa moja mpaka ziwani. Madereva wanafunzi wa Minnesota walijifunzia humo wakiwa sebuleni kwao, na mikono yao ikawa hodari kweli. Kazi yote hiyo aliifanya dereva mstaafu, kwenye meza ya jikoni, akijifundisha mwenyewe.

Marlys Lahti alijua kwa nini aliifanya. Baba yake, Reino, alifia kwenye mteremko huo, Januari moja ya baridi kali, treni ilipomshinda. Kwenye redio alisema amefunga breki darajani. Shirika la reli likajibu kwamba haiwezekani, angefunga pale treni ingesimama, basi alisinzia, akazindukia chini, akadanganya. Marlys alikulia ndani ya maneno hayo mawili, kusinzia na uongo. Arvid, aliyefanya kazi na Reino, ndipo akaanza kuandika programu ajionee mwenyewe.

Sasa Marlys alikwenda kumwomba aifungue. Kwao kitu hakiombwi kwa pupa, wala hakipokelewi kabla hakijatolewa mara tatu.

"Chukua kipande cha keki," Arvid alisema.

"Nimeshiba, Ami."

"Kidogo tu."

"Usijisumbue bwana."

"Itaharibika bure hii."

Akachukua. Adabu imetimia.

"Wale wa mtandaoni," Marlys alianza, macho kwenye kikombe, "wanasema ungewaachia msimbo wangeutunza."

"Wanasema mengi wale. Kuna mmoja kaniita fisi."

"Hakujui. Fisi gani anagawa bure?"

Arvid alicheka kidogo. "Hapana, binti."

Wageni wote wa mtandaoni walikuwa wameishia kwenye hapana hiyo, wakanuna. Marlys alizaliwa hapo, alijua hapana ya kwanza ni mlango tu. Akanywa kahawa, akauliza habari za barafu ya ziwani, akarudi.

"Ungewaachia tu, Ami."

"Hapana," akasema, taratibu zaidi.

Marlys akamjazia kikombe. "Unaogopa nini humo ndani?"

Arvid alifuta miwani, kazi isiyomsaidia kitu siku hizi. "Humo kuna treni ya baba yako. Mabehewa yale yale, baridi ile ile. Nafunga breki darajani kama alivyosema. Inasimama, Marlys. Nimeipima kila namna, inasimama tu. Wakifungua wataikuta, wataiendesha, watasema watu wa reli walisema kweli. Bora nizikwe nayo."

Marlys aliweka kikombe chini. Iliuma, hilo halifichiki, kwa maana na yeye alitumaini. Lakini juu ya maumivu ulikuja upendo mkubwa kwa mzee huyu, aliyekubali kuitwa fisi na watu asiowajua ili jina la rafiki yake lisiguswe. Watu kama hao hawazaliwi kila siku.

"Mficha uchi hazai, Ami," alisema. "Fungua."

"Na wakisema alidanganya?"

"Walishasema. Nimeshazoea."

Barafu ilipoyeyuka, Arvid akaifungua programu. Wale wale waliomtukana walikuja kama majirani wanavyokuja na nyundo zao ghala la mtu likishaungua, walijenge upya. Mmoja akaiweka sawa kwenye kompyuta mpya, mwingine akakuza maandishi ya vipimo kwa ajili ya wenye macho mabovu, bila kuambiwa mabovu ya nani. Kisha akaandika Ghislaine Ouellet, dereva wa treni za madini kaskazini mwa Quebec:

"Mzee, kazi yako naiheshimu. Ila baridi umeigawa sawa treni nzima. Kwetu baridi ikizidi, mipira ya maungio ya mabomba ya upepo hukakamaa, kila ungio huvujisha kidogo, na mabehewa ya mkiani hayajai upepo tena. Mbele kipimo kinakwambia uko salama, nyuma huna breki. Nimeongeza hesabu hiyo. Angalia kama nimekosea."

Arvid alimpigia simu Marlys. Hakumweleza sababu, alimwambia tu aje.

Marlys ndiye aliyekaa kwenye kiti, Arvid nyuma yake na mkono kwenye bega lake. Treni ya Reino, sasa ikiwa na hesabu ya Ghislaine, ikaanza kushuka kwenye skrini. Kipimo cha upepo kilionyesha vizuri. Daraja likatokea.

"Funga," Arvid alisema.

"Nimefunga."

"Yote?"

"Yote, Ami."

Mwendo ulipungua kidogo, kisha ukaanza kupanda. Walipita mahali ambapo treni ilikuwa ikisimama miaka yote, wakapita kona, wakapita nyumba za mwisho. Marlys alikuwa ameishika breki kwa mikono miwili, na machozi yalimtoka bila yeye kuyafuta.

"Alifunga darajani," Arvid alisema. "Alisema kweli, Marlys. Alisema kweli, na mimi nimemficha miaka yote hii."