Fungu la Injini

Fundi Khlifa alichovya kidole kwenye oili, akakiinua juu ili kila mtu aone. Oili ilikuwa nyeupe kama chai ya maziwa.

"Maji yameingia," alisema. "Na msinikodolee macho hivyo, si mimi niliyeyatia."

Mongi hakucheka. Injini ilikuwa imelazwa juu ya magogo mawili katikati ya karakana, kichwa kimevuliwa, na baina ya silinda ya pili na ya tatu palikuwa na ufa mwembamba ambao mtu angeudhania unywele. Ufa huo ndio uliofanya chombo chao kivutwe kwa kamba kutoka kwenye mitego ya pweza hadi bandari ya Ataya, kisiwa kizima kikitazama. Na watu wa visiwa vya Kerkena hawana haya ya kutazama.

"Naweza kuushona huu ufa," Khlifa aliendelea, "nikabadilisha pistoni na gasketi, ikanguruma tena. Au uitupe, ununue nyingine. Ningekuwa wewe ningeitupa. Chuma kilichopasuka mara moja kitapasuka tena, na hakitakusubiri ufike nchi kavu."

"Umesikia mwenyewe, nahodha," alisema Hattab, baharia wake, aliyekuwa amejiegemeza mlangoni. "Mimi mchango wangu uko tayari. Tununue mpya, tumalize."

Kwa mtu mwingine lingekuwa jambo dogo. Kwa Mongi lilikuwa mfupa uliokwama kooni, kwa sababu injini ile haikuwa yake. Chombo kilikuwa chake, urithi wa baba. Injini ilikuwa ya Shadli, mdogo wake, aliyeinunua kwa jasho la miaka ya kubeba zege Marseille, akairudisha nyumbani kama mtu anayeleta bibi harusi. Kifua kilimuua majira mawili ya baridi yaliyopita.

Pale Ataya, samaki wakigawanywa, kila kilichofanya kazi hupata fungu lake: chombo, nyavu, kila baharia, na injini nayo. Fungu la injini ni la aliyeinunua, na akifa ni la aliowaacha nyuma, maadamu injini yenyewe bado inazunguka. Injini ikifa, fungu limekufa. Sheria hiyo haikuandikwa popote, na Mongi hakuwahi kusikia mtu aliyeivunja.

Basi kila wakirudi, Mongi alibeba kikapu cha fungu la injini hadi kwa Naziha, mjane wa Shadli, aliyekuwa akiishi na mabinti zake wawili karibu na kituo cha chumvi. Naziha hakuwahi kusema asante, na Mongi alipenda hivyo. Mtu hashukuru kwa kilicho chake. Naziha alikuwa akichungulia kikapuni na kufoka: "Leo injini yangu ilikuwa imesinzia nini, shemeji? Vibua vitupu!" Kisha akacheka, na Mongi akaondoka moyo wake ukiwa mwepesi. Uhai wa nyumba ile ulikuwa humo, kikapuni.

"Ishone," Mongi alisema.

Hattab alijitoa mlangoni. "Nahodha, na upepo wa baridi wa kaskazini ukitukuta nje, injini ikakata roho? Hapo fungu atakula nani?"

"Nimesema ishone."

Hattab alitema mate chini, akaondoka bila kuaga. Khlifa alichukua bisibisi, akaanza kukwangua mifereji iliyopitisha maji ya bahari ya kuipoza injini. Zilidondoka chembe nyeupe, ngumu, moja baada ya nyingine, mpaka zikajaza kiganja.

"Chumvi," alisema polepole. "Imeziba kotekote. Ndiyo maana ilichemka mpaka ikapasuka. Shadli alikuwa akiisafisha. Nani aliacha?"

Mongi alijua ni nani. Enzi za Shadli, chombo kikifunga gati tu, injini ilinyweshwa kwanza, kwa mpira wa maji, ndoo ya maji ya mvua ya kuoshea chumvi kutoka kwenye tangi lililo chini ya ua wake, kabla hata yeye mwenyewe hajanywa. Baada ya msiba, Naziha aliendelea kuiweka ndoo mlangoni. Kisha mvua zikakatika, tangi likaanza kutoa mwangwi, na Mongi akamwambia: "Yaweke maji hayo kwa watoto, dada yangu. Injini ni chuma, haina kiu." Tangu hapo hakuiosha tena; alikuwa anapita mbele ya ndoo hiyo tupu na kikapu mkononi, akijiona mtu mwema. Huruma yake ndiyo iliyoiua injini, na hilo lilimuuma kuliko kama angeiua kwa uzembe.

"Usimwambie Naziha," alisema.

"Akiniuliza?"

"Mwambie uzee."

Kumbe Hattab alikuwa amekwenda moja kwa moja hadi kwa Naziha. Haukupita muda mrefu mwanamke akaingia karakanani, mikono bado ina unga wa shayiri, shungi limetupwa begani kwa haraka.

"Nasikia mgonjwa wangu kalazwa," alisema. Aliizunguka injini, akaiwekea kiganja juu kama anayepima homa ya mtoto. "Kimemuua nini?"

"Uzee," alijibu Khlifa, akainama kutafuta spana ambayo hakuihitaji.

Naziha aliziona chembe nyeupe sakafuni. Aliokota moja, akaisugua kwa vidole, akaigusa kwa ncha ya ulimi. Mongi alitazama pembeni.

"Fundi, ungekuwa unasafiri nayo wewe, ungeishona?" Naziha aliuliza.

"Mimi? Mimi hata kivuko cha Sfaksi kinanitapisha."

"Nijibu, Khlifa."

Fundi alifuta mikono kwa kitambaa kwa muda mrefu. "Nisingeishona."

"Basi itupwe."

"Naziha!" Mongi alisogea mbele. "Unajua unachokisema? Ikitupwa—"

"Najua kinachotupwa nayo. Mimi ndiye ninayekula kutoka humo, nisijue?" Aliinua kiganja chenye unga kumzuia. "Wanangu baba yao yuko kaburini. Baba yao mkubwa namtaka juu ya ardhi. Baharini wamekwenda wengi kwa ukaidi, sitaki wewe uende kwa ajili ya kikapu changu."

"Basi nitakayonunua nitaiandika kwa jina lako. Sehemu yangu yote."

"Itanunuliwa kwa nini? Kwa bangili za Hniya. Kisiwa kizima kinajua mkeo kazivua. Mimi nikae nile bangili za mke wa shemeji yangu?"

"Basi nitakuletea kikapu kutoka fungu langu. Kile kile, mlango ule ule."

Naziha alitikisa kichwa. Machozi yalikuwa yamemfika, hakuyaficha. "Kikapu cha injini alikuwa ananiletea Shadli, shemeji. Wewe ulikuwa unakibeba tu. Hicho chako kitakuwa sadaka, na mimi sadaka nitaitoa, sitaipokea. Kaka yangu yuko bara, Sfaksi. Kuna kiwanda kule kinachotafuta wanawake wa kusafisha pweza. Nimesafisha pweza tangu sijaota meno."

Mongi alitaka kumwambia ukweli kuhusu chumvi. Badala yake alizisukuma zile chembe chini ya magogo kwa mguu. Naziha aliigusa injini mara moja tena, akatoka nje.

Mpya ililetwa kwa kivuko. Ilikuwa nyepesi, ya kijani, ikilia kwa sauti nyembamba ambayo bandari nzima iliigeuzia shingo. Safari ya kwanza ilikwenda vizuri kupita kiasi. Walirudi na samaki wa dorado na pweza wa kujaza masanduku, na Hattab aliimba njia nzima. Wakati wa kugawa, mikono ya Mongi ilitenga fungu la injini kwanza, kama ilivyozoea, ikachagua samaki wanono. Hattab aliacha kuimba. Mongi alilirudisha fungu lile kwa wenye injini mpya, yeye na Hattab, akajaza kikapu kutoka fungu lake mwenyewe, akaenda. Alijua atakataliwa. Alitaka angalau afokewe.

Mlango ulikuwa na kufuli. Kamba za kuanikia nguo zilikuwa tupu. Jirani alimwambia kutoka dirishani kwamba wameondoka na kivuko cha asubuhi, wasichana wakilia.

Kizingitini palikuwa na ndoo, imefunikwa sahani, na juu ya sahani umekunjwa mpira ule wa maji ambao Shadli alikuwa akinyweshea injini yake. Mongi aliinua sahani. Ndoo ilijaa maji ya mvua pomoni, safi. Basi Naziha alijua. Alijua tangu alipoonja ile chumvi karakanani, na hakumfedhehesha.

Aliibeba ndoo hadi gatini, akilia njiani mchana kweupe, bila kujali nani anatazama.

"Maji ya kunywa hayo, nahodha?" Hattab aliuliza.

"Ya injini."

Aliunga mpira, akaiwasha injini, akaiacha inywe taratibu mpaka tone la mwisho. Kisha akaizima, akaketi juu ya kifuniko chake, ndoo tupu mapajani, asijue airudishe mlango gani.