Koti la Mheshimiwa Mulama

Kule juu ya paa la ploti yetu, jengo la orofa la kupanga hapa mtaani Kware, ndiko bunge letu liliko. Ukianika nguo, unakaa nazo hadi zikauke, la sivyo utaziona zimevaliwa na mtu mwingine ukienda kununua nyanya. Kwa hivyo kila Jumamosi tunapanda na viti, beseni za njugu na habari zote za wiki. Mimi Nabwire ndiye huleta nyingi. Nani amehama bila kuaga, nani ameposwa, nani amesema ameposwa. Lakini niwaambie kitu: umbea wangu una heshima. Sipeleki neno ambalo sijalihakikisha. Ndiyo maana nikisema, wanawake wa paa hili huamini.

Sasa binamu yangu Mulama akaamua kugombea uwakilishi wa wadi.

"Dada Nabwire," akaniambia kwenye simu, "hao wanawake wako niandalie. Wewe wakikusikia, wamenisikia mimi."

Damu ni damu. Wiki nzima nikampigia debe: kijana wetu, ana bidii, ana sauti. Jumamosi hiyo paa lilijaa hadi wengine wakakalia matangi ya maji. Mpinzani wake pia alikuwepo, ila yeye hakuja kwa siasa. Nzivo ni dereva wa lori anayeishi orofa ya tatu, na zamu ya kulinda sare za watoto siku hiyo ilikuwa ya baba yao.

"Nzivo, umeolewa siku hizi?" Wanza akamchokoza. Wanza hukaa mlango unaotazamana na wangu, na ulimi wake hauna likizo.

"Nimeolewa kitambo, mama. Mahari ndiyo sijaiona."

"Haya basi, ukichaguliwa utatuletea maji?"

Nzivo akajikuna kidevu. "Mfereji si wangu. Nitauliza, nitasumbua watu ofisini kwao, kisha nitakuja hapa niwaambie nilichojibiwa. Hata kama ni kibaya."

"Aii! Si hata udanganye kidogo tufurahi!"

Tukacheka. Hapo ndipo Mulama alipotokea kwenye ngazi, anahema kama aliyepanda mlima, koti la buluu limemkaa vizuri kweli.

"Niaje watu wangu!" akapaza sauti. "Msinione mgeni. Mimi ni wa Kware damu! Kwa huyu dada yangu Nabwire nimeishi miaka. Hata juzi nimeanika shati langu kwa kamba hiyo hiyo asubuhi, nikaenda zangu kazini Eastleigh, jioni nikarudi nikalianua likiwa limekauka."

Njugu ziliacha kutafunwa.

"Ngoja, mheshimiwa," Wanza akasema polepole. "Hilo shati lililindwa na nani?"

"Kulindwa? Shati tu? Hapa si sote ni ndugu?"

Kicheko kilichotoka hapo nadhani kilisikika hadi mtaa wa Pipeline. Mulama akadhani tumefurahi. Akavua lile koti, akalitundika kwenye kamba, akalibana kwa vibanio vya Wanza. "Tazameni, kwa vile ninavyowaamini! Nashuka kuwasalimia vijana pale dukani, narudi sasa hivi."

Akashuka. Sisi tukageukia mambo mengine, kwa sababu kulikuwa na habari ya landilodi, mwenye ploti, na nilikuwa ninayo yote.

Aliporudi, kamba ilikuwa na sare za watoto na shuka za Wanza. Koti hakuna.

"Koti langu!" Sura ikabadilika, sauti ikabadilika. "Nilijua! Nyinyi watu wa Kware ni wezi, wote nyinyi! Ndiyo maana mimi nilinunua nyumba Komarock, kwenye mtaa wa geti na walinzi!"

Nzivo akainuka nyuma ya tangi. Mikononi alikuwa na koti, limekunjwa vizuri kama sare za wanawe.

"Hili hapa, ndugu. Kuna jamaa alikuwa analitazama sana, nikaona nikushikie. Kaa basi, upumue. Ngazi zetu ni nyingi."

Angeweza kumsuta hapo hapo, maana nafasi ilikuwa yake kabisa. Badala yake akamsogezea kiti chake mwenyewe.

Mulama akalipokea koti bila kukaa, akanigeukia. "Dada, waambie. Nilikuwa natania. Waambie kama sijaishi kwako."

Paa zima likanitazama. Jamani, nyinyi mnamjua mama yake Mulama? Shangazi yangu akisikia nimemwaibisha mwanawe, Krismasi yangu kule nyumbani Busia itakuwa ya kupewa shingo ya kuku. Lakini nikawaangalia wale wanawake. Nikiwapa uongo huu mmoja, kesho nikiwaambia kuna moto watauliza kwanza nani kasema.

"Mulama ni binamu yangu na nampenda," nikasema. "Alilala kwangu usiku mmoja. Asubuhi akalalamikia godoro, ngazi na chai. Hajaanika hapa hata soksi. Na mimi ndiye niliyewaambia anafaa, kabla sijamsikia akituita wezi. Neno hilo nimelirudisha."

Mulama akavaa koti lake kwa hasira, mkono mmoja ukakataa kuingia, akashuka nao ukining'inia.

Wanza akanisogezea njugu. "Ehe, sasa ile ya landilodi. Ni kweli?"

"Nikisema mimi?"

"Basi malizia."

Kabla sijafungua mdomo simu ikalia. Mulama, bado yuko ngazini, sauti yake inanijia kwa simu na kwa ngazi pia.

"Dada! Kwa hivyo kura yangu umeitupa?"

"Sijaitupa, kaka. Nitakuombea kura kule Komarock. Huko wanakujua."