Belini za Harusi ya Tullio

Asubuhi ya harusi ya kaka yangu Tullio, shangazi Loredana aliniambia nisitoke jikoni mpaka wageni waondoke.

"Nives, wewe hata shule ya msingi hukumaliza, na ukisemeshwa unageuka kinyago. Wakwe zetu ni watu wa mjini, wa Venisi. Tengeneza belini, binamu yako atapeleka."

Belini ni kinywaji cha mapichi na mvinyo. Niliponda mapichi meupe ya shambani kwetu, nikayachuja, nikaweka rojo kidogo katika kila bilauri. Kisha nikamimina mvinyo wa mapovu polepole, maana ukiharakisha povu lote humwagika mezani. Hasira ilizidi kunipanda. Mama alipougua, ni shangazi huyuhuyu aliyeamua kwamba mimi niache shule nimuuguze, Tullio aendelee kusoma.

Nikabeba sinia mwenyewe, nikatoka hadi uani walikokaa wageni.

"We! Rudi ndani!" shangazi alininong'oneza, huku akiwachekea wageni.

"Sirudi, shangazi. Shika bilauri yako."

"Utatuaibisha, mtoto wewe!"

"Basi tuaibike wote. Heri kwa maharusi!"

Nikaweka sinia mezani, nikainua bilauri yangu mbele yake. Kwetu, ukigonganisha bilauri bila kumtazama mwenzako machoni unaita mkosi, na siku ya harusi hakuna anayethubutu. Mimi, niliyezoea kutazama viatu vya watu, nilimkazia macho. Wakwe walikuwa wakingoja. Shangazi akaangalia chini, akaangalia sinia, akachukua bilauri, mwishowe akaniangalia mimi.

Tukagonganisha, tukanywa. Kisha nikavuta kiti kwenye meza ya familia, nikakaa.