Nyama Nyekundu

"Hodi," sauti ilisema mlangoni, na mpishi akadhani ni mleta makaa.

Alikuwa mwanamke asiyemjua, faili kaikumbatia kifuani. Alisema yeye ni afisa lishe, anatoka wizarani, amekuja kuona jiko la karakana linavyofuata mwongozo mpya wa ulaji. Akaitazama karatasi ya mwongozo huo iliyobandikwa juu ya sinki. Kisha akayatazama magunia ya makaa yaliyopangwa mpaka dirishani.

"Mbona mengi hivyo, mama?"

"Tunapika sana, mwanangu."

Afisa akatabasamu, akaenda ofisini kusaini kitabu cha wageni. Hajafika hata mwisho wa ukumbi, msimamizi wa karakana akaingia kwa mlango wa nyuma, anahema.

"Mama Upawa, sufuriani kuna nini?"

"Maharage na nyama."

"Nyama? Si nimeandika kwenye ripoti kwamba tumepunguza nyama nyekundu? Wewe mwenyewe uliniambia."

"Hatukupunguza tu, bosi, tumeimaliza." Alichota kipande, akakipasua kwa ncha ya kijiko amwonyeshe ndani. "Wekundu uko wapi hapo? Zamani niliipika kwa saa moja, sasa kwa saa tatu. Ndiyo maana makaa hayakai."

Msimamizi alifumba macho. "Nyama nyekundu ni ya ng'ombe. Ni ya mbuzi. Hata uipike mpaka iwe majivu, bado ni nyekundu."

Mpishi aligeukia ile karatasi. Miezi mitatu alikuwa akiisoma kila asubuhi, neno moja moja, akijisikia kwamba naye yumo katika jambo kubwa la nchi nzima. Tule kwa afya, ilisema, na tuwaachie watakaokuja misitu na maji. Naye alikuwa akichoma msitu ili aitii.

"Sasa nisikilize," alisema msimamizi. "Toa vipande vyote, tia kwenye ndoo, funika. Leo ni maharage matupu. Jiko likifaulu, mkataba wako wa kudumu nautia sahihi leo leo. Likianguka, makao makuu watalifunga, chakula kitaletwa na gari. Na wewe sijui gari gani litakuja kukuchukua."

"Na mchuzi?"

"Mchuzi una mdomo?"

Akavitoa vipande kimoja kimoja. Miaka sita alikuwa kibarua katika jiko lile. Kila mwisho wa mwezi alikunja aproni yake na kwenda nayo nyumbani, kwa sababu hakujua kama ataitwa tena.

Saa saba kengele ikalia. Mafundi wakapanga foleni, mikono bado inanuka sabuni na grisi. Afisa alisimama kando ya meza ya kugawia, kalamu mkononi. Msimamizi alisimama kando ya afisa.

"Leo ng'ombe kagoma?" fundi wa kwanza aliuliza.

"Yuko likizo," mpishi alijibu. Wakacheka. Afisa naye akacheka, akaandika kitu.

Lakini mpishi alikuwa akiitazama foleni. Mtu wa nne alikuwa Mzee Nati, aliyevaa kiatu mguu mmoja na ndala mguu wa pili. Alikuwa na jongo, ugonjwa wa kuvimba viungo. Daktari alimkataza nyama na mchuzi wake, lakini mwaka jana mpishi wa zamu nyingine alimwambia hamna, kumbe imo, na mzee akalala wiki mbili, mguu juu ya mto, hata shuka hakutaka limguse. Aliporudi kazini, Mama Upawa alimwambia, "Mimi ukiniuliza, nitakuambia." Tangu hapo alimuuliza kila siku, kwa neno moja tu.

Watu watatu. Wawili. Mmoja.

"Imo?" aliuliza Mzee Nati.

"Leo maharage tu, mzee wangu," msimamizi aliwahi.

"Sikukuuliza wewe, bosi. Wewe hupiki."

Nyuma mtu akacheka. Upawa ulikuwa umekwisha kuzama sufuriani. Mpishi alimwona msimamizi akimkazia macho. Akautazama ule mguu.

"Imo," alisema. "Vipande nimevitoa. Mchuzi wake umebaki."

Kalamu ya afisa ilisimama.

Mpishi aliinama chini ya meza, akatoa bakuli lake mwenyewe, lenye viazi vya kuchemsha na mboga za majani alivyokuja navyo kutoka nyumbani. Akavimimina vyote kwenye sahani ya mzee na kukung'uta bakuli.

"Na wewe utakula nini?"

"Nenda ukae, mzee. Usiuchoshe huo mguu."

Mzee Nati akaondoka, ndala ikiburuzika sakafuni mpaka kwenye benchi la dirishani. Msimamizi alikuwa ameinamisha kichwa. Afisa alifungua ukurasa mpya, bado hajaandika neno. Fundi aliyefuata alikuwa amenyoosha sahani yake tupu, na Mama Upawa alisimama mbele yake, upawa juu ya sufuria, mchuzi ukidondoka tone baada ya tone.